Kibwawa cha viumbe bustanini kinasumbua? Tafuta dalili yako hapa

Naongelea kibwawa kidogo cha nyumbani, kile umekichimba ili vyura, kereng'ende, ndege na nyuki wapate maji. Hakina samaki, upana wake mita 1 hadi 3 hivi, na pale penye kina zaidi hapazidi sentimita 60. Matatizo ya hivi vibwawa yanajirudia hadi unayakariri: maji kijani, maji kupungua, mbu, harufu, vyura hawaji. Na kitu kimoja nimekiona kwenye changu na kwenye vya watu wengi niliowasaidia, shida nyingi zinatokana na kitu tulichokitia sisi wenyewe, iwe udongo wa rutuba, maji ya bomba, samaki wawili wa mapambo au dawa ya "kusafisha" maji. Kwa hiyo ukiona dalili usikimbilie kuongeza kitu kingine, jiulize kwanza siku hizi za karibuni kimeingia nini ambacho hakikuwepo.

Vifaa vya uchunguzi ni ndoo, glasi safi, kijiti kirefu, wavu mdogo na tochi. Vinatosha kwa karibu kila kitu hapa chini.

Kabla ya dalili yoyote: watoto

Hii siyo hitilafu ila naiweka juu makusudi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 tu, na anazama kimya, hapigi kelele. Kama kuna mtoto nyumbani au wa jirani anayeweza kuingia, weka uzio unaofungwa, au funika kibwawa na wavu wa chuma mgumu unaobeba uzito wa mtoto bila kubonyea hadi majini. Kama huwezi kufanya hivyo sasa, kifukie au kiache bila maji mpaka watoto wakue, kibwawa kinaweza kusubiri.

Maji yamekuwa kijani (au kahawia)

Hapa ndo wengi wanaanzia. Usifanye chochote kabla ya kipimo cha glasi, chota maji, weka glasi mezani usiku kucha pasipoguswa, asubuhi angalia. Ukikuta tope limetulia chini na juu maji meupe, tatizo lako ni udongo unaochanganywa, labda mvua inauosha kuingia ndani au ndege na mbwa wanachokora kingo. Ukikuta bado ni kijani kuanzia juu hadi chini, huo ni mwani, vile vidogo visivyoonekana kimoja kimoja. Na kama maji yana rangi ya chai lakini unaona kidole chako vizuri upande wa pili wa glasi, hiyo ni rangi ya majani na magome yaliyoloweka, haina madhara, achana nayo.

Kwa mwani, sababu kuanzia ya kawaida zaidi:

Kibwawa ni kipya. Miezi ya kwanza maji yana virutubisho na mimea bado haijashika, basi mwani unawahi nafasi. Hii inaisha yenyewe mimea ikikua, na kila ukimwaga maji yote ukajaza upya unaanza moja. Nimeona mtu amebadilisha maji mara 4 ndani ya msimu mmoja na kila mara kijani kinarudi kikali zaidi, kumbe maji mapya ya bomba ndo yalikuwa yanakuja na chakula cha mwani.

Virutubisho vimezidi. Udongo mweusi wa bustani uliopandia mimea, mbolea inayooshwa kutoka kwenye nyasi au majani ya mboga, na maji ya bomba ambayo sehemu nyingi yana naitreti na fosfeti. Jazia maji ya mvua, weka pipa chini ya paa. Ukilazimika kutumia ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku 1 au 2 klorini itoke, ila ujue kuna sehemu maji yanatibiwa kwa kloramini na hiyo haitoki kwa kukaa tu, inahitaji dawa maalumu ya kuiondoa. Uliza mamlaka ya maji ya kwenu wanatumia ipi.

Jua linapiga siku nzima na mimea ni michache. Lenga nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji ipate kivuli cha majani, yungiyungi moja dogo linasaidia sana, afu ongeza mimea inayoishi chini ya maji kabisa maana inagombea chakula kile kile na mwani.

Samaki. Wanachokora, wanakunya, wanakula wale viumbe wadogo wanaokula mwani. Watoe, na usiwaachie mtoni wala ziwani, mpe mtu mwenye tangi.

Kama mwani wako ni wa nyuzi ndefu, chomeka kijiti katikati na uzungushe kama unavyozungusha uzi kwenye kibao, utatoka mzigo mzima. Uache pembeni kwenye ukingo usiku mmoja kabla ya kuutupa. Ukiuangalia kwa karibu utaona mambo, konokono wadogo kama punje ya mtama, watoto wa kereng'ende wenye macho makubwa wamejaa matope, wanajikokota kurudi majini mmoja mmoja. Baada ya kuwaona huwezi tena kutupa mwani moja kwa moja jalalani.

SIMAMA HAPA: kama juu ya maji kuna utando kama rangi ya ukutani imemwagika, kijani au bluu-kijani, chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinaning'inia ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama kimechovywa kwenye rangi, inaweza kuwa sayanobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na baadhi yake wana sumu inayoua mbwa. Usiguse kwa mikono, zuia watoto na wanyama, usimwagilie mboga na maji hayo, piga simu kwa watu wa mazingira au afya. Mbwa akiwa ameshakunywa mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usisubiri dalili.

Maji yanapungua

Anza na ndoo. Jaza maji, iweke pembeni ya kibwawa mahali penye jua lile lile, weka alama ya usawa wa maji kwenye ndoo na kwenye kibwawa, zima pampu kama unayo, rudi baada ya saa 24 zisizo na mvua. Vikipungua sawasawa ni jua na upepo tu, nusu sentimita kwa siku ni kawaida na kukiwa na upepo mkavu inaweza kukaribia sentimita 1. Kibwawa kikipungua zaidi ya ndoo, sasa una tatizo.

Sababu ya kwanza siyo tundu. Ni ukingo. Mimi kibwawa changu cha kwanza kilikuwa kinashuka kama sentimita 3 kila usiku, nikatoa mimea yote, nikapapasa nailoni nzima (ile iliyotandikwa ndani ya shimo kushika maji) kwa vidole nikitafuta tundu, nikabandika viraka viwili mahali ambapo sasa najua palikuwa pazima. Siku moja asubuhi natembea peku kando yake nikahisi nyasi za upande mmoja zimeloa chepechepe wakati kwingine kote ni pakavu. Nikainua zile nyasi, nikakuta udongo umelala juu ya nailoni umegusa maji, na mizizi imeingia humo, yaani ule udongo ulikuwa unanyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, usiku na mchana, na kuyapeleka bustanini. Nilichofanya ni kukata udongo urudi nyuma, nikainua ukingo wa nailoni usimame kidogo kama mdomo wa sufuria, nikauficha kwa mawe. Haikurudi tena.

Kwa hiyo zunguka kibwawa chote, uangalie: udongo au nyasi zinazogusa maji, sehemu ya ukingo iliyotitia (weka ubao mnyoofu na pima maji ya fundi juu yake), halafu pampu au kijito cha mapambo kinachorusha matone nje. Baada ya hapo ndo ufikirie tundu.

Tundu unalitafuta kwa kuacha maji yashuke yenyewe. Yatashuka mpaka yafike kwenye tundu yasimame, basi unakagua ule mstari tu badala ya kibwawa kizima. Viumbe wahamishie kwenye ndoo zenye maji yale yale ya kibwawa, kivulini. Safisha pale, kausha kabisa, bandika kiraka cha aina ile ile ya nailoni na gundi yake, maana gundi ya kawaida haidumu majini. Kama nailoni imekakamaa na inapasuka ukiikunja, kiraka hakikusaidii, badilisha yote. Vipimo vyake: urefu + kina mara 2, upana + kina mara 2, halafu ongeza sentimita 30 kila upande za kukalia kwenye ukingo. Na chini yake weka kitu laini, zulia la zamani la nyuzi za plastiki au mchanga, jiwe moja lenye ncha linamaliza kazi yote.

SIMAMA HAPA: kibwawa cha saruji chenye ufa unaoendelea kupanuka, au maji yanayotokea karibu na msingi wa nyumba, muite fundi ujenzi. Na kama kuna waya wa umeme popote karibu na sehemu yenye unyevu, zima kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya kutia mkono majini.

Mbu

Lugha yetu inatuponza kidogo hapa, maana neno ni moja, viluwiluwi, kwa watoto wa mbu na kwa watoto wa chura. Kuna watu wameona "viluwiluwi wamejaa", wakamwaga mafuta ya taa, wakaua kizazi kizima cha vyura na kila kiumbe kinachokula mbu. Usimwage mafuta yoyote. Angalia kwanza.

Kiluwiluwi wa chura ana mwili wa duara na mkia bapa, anatembea chini au anang'ang'ania ukuta akikwangua mwani. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba kama uzi wenye vinyweleo, anakuja juu kupumua, na ukipitisha kivuli cha mkono juu ya maji wote wanashuka kwa kujinyonganyonga. Tena watofautishe wenyewe kwa wenyewe: wa Culex, yule mbu wa kawaida wa majumbani, wananing'inia kichwa chini na mrija wa kupumulia umegusa juu, wa Anopheles, yule anayeeneza malaria, hawana ule mrija, wanalala bapa sambamba na uso wa maji.

Sababu, kwa mpangilio wangu:

Hawatoki kwenye kibwawa. Siyo utani, kagua kwanza visahani vya maua, ndoo, matairi, mifereji ya paa iliyoziba, kifuniko cha pipa la mvua. Maji hayo hayana adui wa mbu hata mmoja.

Kibwawa ni kipya na wawindaji hawajafika. Watoto wa kereng'ende, mende wa maji na wale wadudu wanaoogelea chali wanakula viluwiluwi kwa wingi, ila wanahitaji wiki kadhaa hadi miezi kuzoea. Katika muda huo ni wewe na wavu. Mbu kutoka yai hadi kuruka anachukua siku 7 hadi 14 hivi kukiwa na joto, kwa hiyo ukichota na wavu kila baada ya siku 3 unavunja mzunguko.

Vijidimbwi vidogo pembeni, kati ya mawe au katikati ya mimea iliyosongamana, ambako wawindaji hawafiki. Vifungue.

Dawa ya wadudu iliyopuliziwa bustanini imeua wawindaji. Mbu wanarudi haraka, kereng'ende wanachukua muda mrefu.

Wakiendelea tumia Bti, ni bakteria anayeua viluwiluwi wa mbu na jamaa zake wa karibu bila kudhuru vyura, ndege wala watu. Fuata kipimo cha kwenye pakiti na rudia inavyoelekeza. Kama unaishi penye malaria usisubiri wakiendelea, anza nayo tangu siku unajaza maji, kagua kila wiki bila kuruka, na ukiona wale wanaolala bapa wanarudi rudi licha ya dawa, ongea na afisa afya wa eneo lako. Kama huna uhakika utakagua kila wiki, usichimbe kibwawa.

Kuhusu samaki wa kula mbu, najua utashauriwa. Wanakula mbu kweli, na wanakula mayai ya vyura, viluwiluwi wa vyura na watoto wa kereng'ende pia. Utabaki na bwawa la samaki.

Harufu mbaya

Chukua kijiti, chokonoa chini. Yakipanda mapovu yenye harufu ya yai viza, na tope ni jeusi tii, huko chini hakuna oksijeni. Mara nyingi ni majani yaliyodondoka yakarundikana, mara chache ni mnyama aliyekufa, na wakati mwingine mti umefunika kibwawa kabisa hadi mimea ya majini imekosa jua.

Toa majani kwa mkono au reki laini, tafuta mzoga. Tope lenyewe usilitoe lote kwa mkupuo, toa theluthi moja, subiri wiki kadhaa, toa tena, kwa sababu humo kuna viumbe na ukilivuruga lote ile gesi na uozo vinasambaa kwenye maji yaliyobaki. Punguza matawi ya juu. Msimu wa majani kudondoka tandaza wavu juu, ila uinuke kidogo na pembeni uache upenyo wa vyura.

Kama harufu ni ya choo, na kuna shimo la maji taka karibu, simama. Usiguse maji, mwite fundi wa maji taka.

Utando unaong'aa kama mafuta

Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo ni bakteria wa chuma, ni wa asili, hawana shida. Ukikwepa halafu ukarudi kuungana ni mafuta kweli, tafuta yanakotoka (mashine ya kukata nyasi, gari, jenereta), yanyonye na matambara na zuia yasiendelee. Yakiwa mengi usiyaoshee kwenye mfereji, ita watu wa mazingira.

Mimea inakufa

Karibu kila mara imezamishwa kina kisicho chake. Ya kingoni inataka sentimita 5 hadi 10 za maji juu ya mizizi, yungiyungi changa linaanzia juu juu, chini yake weka tofali, na unalishusha kadiri majani yanavyofika juu. Ipande kwenye mchanga na changarawe iliyooshwa, siyo udongo wa mboga. Ukiona majani yana njano na maji ni masafi kabisa, subiri, mimea inapata chakula kidogo tu.

Na tafadhali usipande magugu maji hata kama yanapendeza na unapewa bure. Yanajaza kibwawa chote, na kipande kimoja kikifika mtoni umeleta janga.

Nailoni imevimba katikati kama mgongo wa kiboko

Ni maji ya ardhini au gesi ya uozo imenaswa chini yake. Usiitoboe. Ikiwa ni baada ya mvua kubwa acha maji ya kibwawa yawe yamejaa, uzito wake unasaidia kuishusha. Ikijirudia kila masika, eneo hilo maji ya chini yako karibu, unahitaji mtu wa mifereji ya ardhini, na kabla hajachimba ujue mabomba na nyaya zinapita wapi.

Vyura na kereng'ende hawaji, au wanakufa

Kwanza muda. Wadudu wanaoruka wanaweza kufika ndani ya wiki chache, vyura mara nyingi wanasubiri msimu wao wa mvua au wa kutaga. Kama msimu umepita na hakuna kitu, kagua kingo. Vibwawa vingi nilivyoombwa kuviangalia vina kuta wima kama ndoo, anayeingia hatoki, mjusi na nyuki wanaelea wamekufa asubuhi. Upande mmoja angalau uwe mteremko wa taratibu hadi sentimita 0, uliojaa changarawe na mawe. Viumbe wengi wako kwenye zile sentimita 10 za juu, siyo kwenye kina. Afu acha nyasi ndefu na rundo la magogo karibu, chura hapendi kuvuka uwanja mtupu wa jua.

Kama ni kibwawa cha saruji mpya na kila kinachoingia kinakufa, ni chokaa inayotoka kwenye saruji na kupandisha pH, kile kipimo cha asidi na alkali ya maji. Pima kwa karatasi za kupimia, kati ya 6.5 na 8.5 ni salama, ikiwa 9 au zaidi mwaga, jaza, acha siku kadhaa, mwaga tena, rudia mpaka ishuke, au paka rangi maalumu ya kuziba mabwawa.

Usibebe mayai ya vyura, konokono wala maji kutoka ziwani au kwenye kibwawa kingine ili kuharakisha. Kuna kuvu anayeitwa Batrachochytrium dendrobatidis ambaye amemaliza aina nyingi za vyura duniani, anasafiri kwa maji na matope, na penye kichocho konokono wa ziwani wanaweza kuja nacho.

Nyoka akionekana, anafuata vyura. Rudi nyuma, usimpige, muda mwingi ataondoka, akikaa au akielekea nyumbani ita mtu aliyefunzwa kuwakamata.

SIMAMA HAPA: ukikuta vyura kadhaa wamekufa ndani ya siku chache, hasa wenye ngozi nyekundu au vidonda, usitoe mmea, jiwe wala ndoo ya maji kupeleka popote. Vaa glavu, piga picha, mpigie daktari wa mifugo au maafisa wa wanyamapori, na viatu ulivyokanyagia hapo visafishe matope na kuvikausha kabisa kabla hujasogea kwenye maji mengine.